Karatasi Nyeupe Juu ya Kurasa Nne

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa penseli mbili, kifutio, kikombe cha chai kilichovunjika mkono, na kurasa tisa za watu wawili wakiwa kitandani. Mzee Kariuki, aliyekuwa mwenye kampuni na mhariri wake wa pekee, aliziweka mbele yangu akaniambia nizisome, kisha nimweleze zifanywe nini. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuo cha ualimu juzi, navaa buibui, na kwetu palikuwa karibu sana na msikiti hivi kwamba adhana ndiyo iliyokuwa saa yetu ya ukutani. Nilisoma nimeinama mpaka pua ikakaribia karatasi. Nilipomaliza nikamwambia zitupwe zote, ni aibu. Akasema aibu si sababu ya mhariri, nirudi kwenye kiti nikatafute sababu nyingine.

Nawaandikia ninyi mliobaki pale juu ya duka la agroveti kwa sababu siku ya kuniaga Kevo aliniuliza swali mbele ya watu na sikulijibu. Alitaka kujua, haya mambo ya kitandani kwenye riwaya, mhariri anajuaje ya kuacha na ya kutoa? Mlicheka, nami nikacheka, keki ikakatwa. Jibu ninalo. Lakini jibu hilo lina mtu ndani yake, na sikuweza kulisema nikiwa nimeshika sahani ya karatasi.

Ofisi mnaijua, isipokuwa wakati ule ilikuwa vyumba viwili tu. Chini waliuza mbegu za mahindi, dawa ya kupe na chakula cha vifaranga, na harufu yote hiyo ilipanda ngazi ikaingia kwenye karatasi zetu. Mwandishi mmoja wa Nairobi aliwahi kutuandikia kwamba mswada wake ulirudi ukinuka mbolea. Mzee Kariuki alimjibu kwamba ulinuka hivyo hata ulipokuja. Watu wake walitoka Nyeri wakapata shamba Trans-Nzoia yeye akiwa mtoto, na alikuwa na tabia ya mkulima: kila kitu alikikagua kwa kukishika. Mswada aliushika mkononi kwanza, akaupima uzito, ndipo akausoma.

Nilijifunza upesi kwamba waandishi wetu walikuwa na mambo yao. Kwa miaka thelathini na sita sikuona wapenzi wa riwaya wakikutana siku ya jua. Mvua lazima inyeshe, stima lazima ipotee, na msichana lazima awe amesahau mwavuli, hata kama sura iliyotangulia ilisema ni Januari na mahindi yameshavunwa. Mmoja alituletea hadithi ya wizi wa mahindi kwenye ghala, hadithi nzuri, yenye mlinzi mwerevu na funguo mbili zilizopotea. Ukurasa wa tisini mlinzi anaacha kila kitu na kuingia lojing na mhudumu wa hoteli ambaye hatujawahi kumwona. Wanakaa humo kurasa sita. Akitoka anaendelea kutafuta funguo, na yule mama hatumsikii tena mpaka kitabu kinaisha. Nilimuuliza mwandishi alikwenda wapi. Akaniambia, "Si alishafanya kazi yake, Madam?" Alikuwa shemasi kanisani kwao.

Mzee Kariuki alikuwa na njia yake ya kupima kurasa kama hizo, na ndiyo niliyoitumia maisha yangu yote. Unachukua karatasi nyeupe, isiyo na mistari, ukafunika kurasa zote za tukio lile, ukazibana kwa klipu mbili, moja juu na moja pembeni. Kisha unampa mswada msomaji wa pili, mtu ambaye hajauona, bila kumwambia lolote. Anasoma mpaka kwenye karatasi, anairuka, anaendelea. Akirudi na kuuliza, "Hapa katikati kulitokea nini?" basi zile kurasa zina kazi, zinabaki. Asipouliza, hadithi haikuzihitaji, na penseli nyekundu inaingia. Mzee alisema watu wakiingia chumbani na kutoka wakiwa walewale, tumempotezea msomaji wakati wake. Hakujali kama wamevaa nguo au hawakuvaa.

Msomaji wa pili kwa kawaida alikuwa Agneta, msomaji prufu wetu, aliyetoka Myanga akaolewa huku Kitale. Mliobaki naye mnamjua: mtu wa maneno machache, macho makali. Lakini akikuta pengo, Agneta aliuliza. Nataka mlikumbuke hilo. Wakati mmoja tulifunika kurasa tatu za mapenzi jikoni na kumbe ndani yake alikuwemo kuku. Agneta akarudi akauliza yule kuku aliyekuwa amefungwa mguuni mwa meza amekwenda wapi. Hakuuliza juu ya wapenzi. Tulitoa wapenzi, tukamrudisha kuku.

Kurasa zenye kazi zilikuwepo pia, msidhani tulikuwa watu wa kufyeka tu. Palikuwa na riwaya ya mjane na fundi cherehani, na usiku wao wa kwanza ulikuwa nusu ukurasa: mama anakataa kuvua kitambaa cha kichwa, kwa sababu nywele zake zilikatika alipougua, na yule fundi anakaa kitandani kusubiri. Mara hiyo nilikuwa msomaji wa pili mimi. Nilirudi mbio kuuliza kilichotokea, maana mama yule aliingia amefunga kitambaa na asubuhi alikuwa nacho mkononi. Nusu ukurasa ule ulibaki bila kuguswa, na mpaka leo nikiukumbuka nafurahi kwamba niliwahi kufanya kazi hii.

Jambo moja nililiona na sikulielewa. Mzee Kariuki hakumpa Agneta kila mswada. Hadithi ya mambo ya kanisa aliniletea mimi. Hadithi ya nyumba ya Waislamu alimpa Agneta, ingawa mimi ndiye ningejua kama mwandishi amekosea. Hadithi ya walowezi wa kutoka Mlima Kenya hakuisoma yeye mwenyewe, alituachia sisi. Nilidhani ni adabu yake tu, kwamba hakutaka mtu aguswe pabaya. Sikuwahi kumuuliza, naye hakuwa mtu wa kueleza. Alipofariki, watoto wake wakaiendeleza kampuni na mimi nikawa mhariri mkuu, nilirithi karatasi nyeupe, klipu na penseli. Hiyo adabu niliiacha, kwa kuwa tulikuwa wachache na Agneta alikuwa hodari.

Miaka kumi na moja kabla sijastaafu, mwalimu mmoja wa shule ya msingi kutoka Kabuchai alipanda ngazi zetu akiwa na mswada kwenye mfuko wa unga. Jina lake Nafula. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, viatu vyake vina udongo mwekundu, na alikataa chai mara mbili kabla ya kuikubali. Hadithi yake ilikuwa ya mwanamke anayeitwa Tabitha, mke wa mkulima wa miwa, mama wa watoto watatu, ambaye asubuhi moja anaamka, anachota maji, anajaza mitungi yote ya nyumbani, kisha anaondoka na harudi. Iliandikwa kwa Kiswahili kisicho na madoido. Nilipofika mwisho nilikuwa na hakika kwamba tumepata mwandishi.

Kabla ya asubuhi ile ya mitungi zilikuwepo kurasa nne za chumbani. Hapakuwa na mvua wala mtu wa kupendeza. Mume hampigi mkewe, hamtukani, hata sauti hapandishi. Mke amesema hapana, naye anaendelea kana kwamba amesikia mlango ukilia tu. Mke anahesabu misumari ya mabati juu yake. Mume akimaliza anamuuliza kama ng'ombe amepewa chumvi. Hayo ndiyo yote. Mwandishi alikuwa ameeleza kila kitu polepole, mkono uko wapi, uzito uko wapi, mpaka nikasimama nikafungua dirisha.

Niliogopa, na naona afadhali nikiri sasa. Niliwaza maduka ya vitabu ya kanisa ambayo yangeturudishia maboksi. Niliwaza walimu wakuu. Niliwaza wamama wa mtaani kwetu wakiniuliza baada ya swala ya Ijumaa kama ni kweli nimechapisha uchafu. Ilikuwa ile aibu ya siku yangu ya kwanza, lakini mhariri mkuu hawezi kusema aibu, kwa hiyo nikachukua karatasi nyeupe. Nilijiambia kwamba kipimo ndicho kitakachoamua.

Nilifunika kurasa zile nne, klipu juu, klipu pembeni, nikampa Agneta siku ya Jumatatu. Aliurudisha Jumatano asubuhi. Aliuweka mezani, akasema amemaliza, akaomba ruhusa ya siku mbili kwenda Myanga kwa mama yake. Nikamuuliza kama kuna lolote. Akatikisa kichwa. Klipu zilikuwa palepale, na kurasa kama ishirini zilizofuata hazikuwa na alama hata moja ya penseli yake. Nilifurahi, nikadhani Nafula anaandika safi kuanzia hapo. Kwenye daftari langu niliandika neno moja: Hakuuliza.

Nafula nilimwita ofisini kumweleza. Alisikiliza akiwa ameweka mikono magotini. Nilimweleza habari ya karatasi nyeupe, ya Mzee Kariuki, hata ya kuku, nikitegemea atacheka. Hakucheka.

"Madam, hizo kurasa ndizo kitabu," alisema. "Hizo zingine nimeandika ili nifike hapo."

"Msomaji wangu hakuuliza, Mwalimu. Ameruka akaendelea."

"Basi muulize yeye kwa nini hakuuliza."

Nilimwambia kazi haiendi hivyo. Akasema kuna mtu anazingojea hizo kurasa. Nilimuuliza ni nani, akatazama dirishani. Nikadhani ni maringo ya waandishi. Kila mwandishi ana mtu anayengojea, mara mama, mara marehemu baba, mara taifa zima. Nikamwambia kitabu kikitoka na kurasa hizo hakitafika dukani, na kisipofika dukani huyo mtu wake atakipata wapi? Aliomba apewe siku ya kufikiri. Kesho yake alirudi akatia sahihi. Kurasa nne nikazitia kwenye bahasha ya kaki, nikaandika jina lake juu, nikaifungia kwenye kabati la chuma. Hatukutupa kitu, hiyo ilikuwa sheria ya Mzee.

Kitabu kilitoka kikapendwa. Walimu wa Bungoma wenye chama chao cha kusoma walitualika kukijadili katika ukumbi mmoja pale Mabanga, wakapanga viti vya plastiki na soda. Nilikaa safu ya pili nikiwa na fahari. Maswali yalianza vizuri. Halafu akasimama mwalimu mmoja wa makamo, mcheshi, akakiinua kitabu juu.

"Sasa huyu Tabitha, mimi nauliza tu, arikosa nini kwa huyo mzee? Harewi, hapigi mtu, karo analipa. Ati mtu anaamka tu, anajaza mtungi, anaenda?"

Ukumbi ukacheka. Mama mmoja akasema wanawake wa siku hizi ndio hao, wakishiba wanatafuta mlango. Wakacheka tena. Nafula alikuwa mbele kwenye meza yenye kitambaa cheupe. Hakuwatazama wao, alinitazama mimi. Nilikuwa na nafasi ya kusimama niseme kwamba mwandishi alijibu swali hilo kwa kurasa nne na mimi ndiye nilizitoa. Nilitazama soda yangu. Nafula akasema, "Ni swali zuri," akaishia hapo, na mwenyekiti akaendelea na ratiba. Njiani kwenda nyumbani nilijiambia wasomaji hawajui kusoma. Mhariri akikosea huwalaumu wasomaji kwanza, nanyi mtalifanya hilo, ngojeni tu.

Miezi mitano baadaye Nafula alikuja ofisini. Safari hii hakupewa chai kwa sababu hakukaa. Aliniambia kwa ufupi, amesimama mlangoni, yale aliyoshindwa kuniambia mara ya kwanza. Tabitha alikuwa dada yake mkubwa, Nasimiyu. Kabuchai nzima ilijua kitabu kinamhusu nani, hata wasiojua kusoma. Nasimiyu alikuwa ameondoka kwa mumewe, akawaacha watoto, akawa anakaa kwa kaka yake. Kila wazee walipoitana kumuuliza kosa la mume alinyamaza, kwa sababu kwao mwanamke hasimami mbele ya baba na baba zake wadogo kusema ya chumbani. Hata akitaka, mdomo haufunguki. Kwa hiyo wale dada wawili walikubaliana kwamba kitabu kitasema. Kitabu hakina baba. Mtu mzima atakisoma peke yake kwake, atajua, na hatalazimika kumwambia mtu kwamba amejua.

Baba yao mdogo alikisoma, chote, kwa miwani ya kuazima. Kwenye kikao cha mwisho alikileta mkononi. Nafula alinitolea maneno aliyomwambia Nasimiyu kama yalivyokuwa.

"Mama, hata hiki kitabu cha mdogo wako kimetafuta makosa ya huyo mzee, hakikupata. Ludi kwako."

Na Nasimiyu alirudi. Nafula alisema hayo bila kupandisha sauti, na ningependa zaidi angenipigia kelele. Nilimwahidi toleo la pili lenye kurasa zote. Alisema sawa. Nilipeleka ombi kwa wakubwa, wale watoto wa Mzee, mara mbili, wakajibu kwamba kitabu kinauzwa vizuri jinsi kilivyo. Ningeweza kupigania. Sikupigania, nikajipa kazi za vitabu vya darasa la nne. Nafula hakutuletea mswada mwingine. Nilimwandikia mara tatu na hakujibu, na nilipoacha kumwandikia, Mungu anisamehe, nilihisi nafuu.

Mambo mengine yalibadilika kama mnavyojua. Penseli ikawa kompyuta, hadithi zikahamia kwenye simu, na wakubwa wapya wakaanza kuniambia niongeze pilipili pale waandishi walipoisahau. Miswada ikaja yenye chumba cha kulala kila sura ya tatu, kwa mpangilio, kama dawa ya asubuhi na jioni. Niliendelea kufunika na kukata, na mara nyingi nilikuwa sahihi. Nyingi ya kurasa zile hazikuwa na kazi yoyote. Lakini kila nilipobana klipu nilikuwa namkumbuka mwanamke mmoja wa Kabuchai, na nilikuwa naharakisha.

Wiki ya mwisho, nikisafisha rafu yangu, nilikichukua kitabu cha Nafula nikakisoma tena tangu mwanzo. Kati ya asubuhi ya mitungi na mwisho wa sura ile nilikuta makosa sita ya chapa. Sita. Agneta hakuwahi kuachia hata moja kwenye kitabu kizima. Nilicheka peke yangu, nikaona nimepata la kumtania siku ya kuniaga.

Mlipoondoka na keki yenu, mimi na Agneta tulibaki kuosha vikombe. Nikamwonyesha. Aliangalia zile kurasa, akafuta mikono polepole, akanirudishia kitabu.

"Hayo makosa sikuyaona, Mama Swaleh. Nilikuwa naangalia tu karatasi. Sikuwa nasoma."

Nikamuuliza alikuwa na nini.

"Wewe ulifunika. Lakini mimi nilijua ile kitu iko hapo chini. Huyo mama akiamka akaanza kujaza mitungi, nikajua. Hiyo Jumatatu hata mimi nilikuwa nimetoka kitandani kwangu hivyo hivyo."

"Kwa nini hukuniuliza, Agneta?"

"Sasa ningeuliza nini? Mtu anauliza kitu hajui."

Akamalizia vikombe vilivyobaki. Alisema mumewe sasa ni mtu wa sukari na presha, amepoa, wanaishi tu. Niliketi kwenye kiti cha Mzee Kariuki, kile chenye mguu uliofungwa waya, na nikaelewa kwa nini hadithi ya kanisa aliniletea mimi. Haikuwa adabu. Kipimo chake kilihitaji mtu asiyejua. Mtu anayejua akinyamaza, huwezi kukitegemea kimya chake. Nilifanya kazi na Agneta meza kwa meza miaka ishirini na mitano, nikijua anatia vijiko vingapi vya sukari, na jambo hilo sikulijua. Nafula alilijua bila kumwona. Alinituma nikaulize, na sikwenda.

Kesho yake nilifungua kabati la chuma nikachukua bahasha. Sikuomba ruhusa, kwa hiyo kama kuna anayeitafuta, ni mimi. Nilifika Kabuchai saa nne asubuhi na kumkuta Nafula akipalilia maharage nyuma ya nyumba, amestaafu mapema kwa sababu ya mgongo. Alinitambua kabla sijasema jina. Alinawa mikono, akanitolea kiti, akaniuliza habari za watoto kama inavyopasa. Nilimuuliza habari za Nasimiyu.

"Tulimzika mwaka juzi," alisema. "Aliugua, hakukaa sana. Amelala kule kwa mzee wake, kwa shamba la miwa. Walimsifu sana. Ati mke mwema, aliteleza mara moja, akarudi."

Nilimwambia pole, na neno lenyewe lilinitia haya. Nikamwambia yote, habari ya Agneta, ya makosa sita, ya Mzee Kariuki na wasomaji wake. Nikamwambia kwamba niliogopa na nikajificha nyuma ya kipimo, na kwamba pale Mabanga nilipaswa kusimama. Sikuomba anisamehe, kwa sababu mwenye kusamehe alikuwa ameshazikwa. Nikampa bahasha. Alizitoa zile kurasa nne, zimegeuka rangi pembeni, na klipu zangu mbili zimeacha kutu. Hakuzisoma. Alizishika tu, kama Mzee Kariuki alivyokuwa akiushika mswada mpya.

Karatasi nyeupe nimewaachia kwenye droo ya juu. Itumieni ikiwafaa. Kevo, kurasa nyingi utakazofunika hazitakuwa na mtu, na utakata bila dhambi. Lakini msomaji wako asipouliza, nenda ukakae naye kwanza, umuulize hali yake.

Nafula aliingia ndani akakaa kitambo. Alirudi na daftari la shule, akachana karatasi ya nyuma kabisa isiyoandikwa kitu, akaiweka juu ya zile kurasa nne. Klipu hakuwa nazo. Akazibana kwa vibanio viwili vya nguo alivyovitoa kwenye kamba, kimoja juu, kingine pembeni, bila kuelekezwa, maana nilimfundisha mwenyewe siku ile nikitegemea atacheka. Akaniwekea mapajani.

"Haya, Madam," alisema. "Uliza."

Jogoo wa jirani aliwika, mtu akapita barabarani na baiskeli, na yeye akaendelea kunitazama kama alivyonitazama pale ukumbini. Nilikuwa nimezisoma kurasa zile, hata ile misumari ya mabati naikumbuka idadi yake. Lakini sikuwahi kumuuliza mtu yeyote habari zake.

"Hapa katikati," nikasema, "kulitokea nini?"

Alivuta kigoda, akaketi, akaanza na siku dada yake alipoolewa.